Kugusa, Kupapasa na Kufa Ganzi

Hisi ya kugusa haina makao mamoja. Kuona kuna macho, kusikia kuna masikio, kunusa kuna pua na kuonja kuna ulimi. Kugusa kumetandazwa mwili mzima, katika ngozi ambayo kwa mtu mzima, kama ingekunjuliwa na kutandikwa chini, ingekaribia mita mbili za mraba. Wala si hisi moja. Chini ya jina hilo kuna mgandamizo, mtetemo, kuvutwa kwa ngozi, joto, baridi, maumivu, mwasho, mtekenyo, na ile habari ya kimyakimya inayomjulisha mtu kama goti lake limekunjwa au limenyooshwa hata akiwa amefumba macho. Habari hizo zina vyombo vyake vya kuzipokea na njia zake za kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana wataalamu waliokwisha kueleza jinsi jicho linavyofanya kazi walikaa miaka mingi bila kujua kidole kinatambuaje kwamba kimegusa kitu. Aliyepasua jicho aliiona lenzi, na aliyepasua sikio aliiona ngoma yake. Aliyepasua ngozi hakuona chombo chochote kwa macho matupu.

Isipokuwa kimoja. Mwaka 1831, katika mji wa Pistoia nchini Italia, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Filippo Pacini, kijana wa miaka 19, alikuwa akipasua mkono wa maiti darasani. Kandokando ya mishipa ya fahamu ya vidole aliona punje ndogo nyeupe, zile kubwa zikifikia urefu wa milimita moja. Baadaye ilidhihirika kwamba kila punje imeundwa kwa matabaka mengi yaliyovikana kama maganda ya kitunguu, na katikati kabisa kuna ncha ya mshipa mmoja wa fahamu. Matabaka hayo yana kazi maalumu. Mgandamizo unaokaa mahali pamoja huyeyukia humo bila kufika katikati, lakini mtetemo wa haraka hupenya hadi ndani. Punje ya Pacini husisimka zaidi kwa mitetemo ya takriban 250 kwa sekunde, na hutambua mitikisiko midogo mno. Simu inapotetemeka mfukoni, au lori linapopita na sakafu ikatikisika chini ya nyayo, punje hizo ndizo zinazoleta habari.

Vipokezi vingine vinahitaji hadubini, na karibu vyote vimepewa majina ya Wazungu wa karne ya 19 waliovichora. Vijifuko vya Meissner, vilivyoelezwa mwaka 1852, viko karibu kabisa na uso wa ngozi ya vidole, nao hushughulikia mpapaso mwepesi na utelezi. Chembe za Merkel, za mwaka 1875, hukazia kingo, pembe na nundu, tena huendelea kutoa habari muda wote kitu kinapokandamiza. Ncha za Ruffini hupokea mvuto wa ngozi. Watafiti wa Sweden walikadiria mwaka 1979 kwamba kiganja kimoja pamoja na vidole vyake kina nyuzi za fahamu za mguso zipatazo 17,000, zilizosongamana zaidi kwenye ncha za vidole.

Tofauti kati ya vipokezi vinavyonyamaza upesi na vile vinavyoendelea kusema inaeleza jambo ambalo kila aliyevaa nguo amelipitia. Asubuhi shati huhisiwa linapoteremka mabegani. Baada ya dakika moja halipo tena katika fahamu. Shati halijaondoka. Vipokezi vingi vimeacha kupiga ripoti kwa sababu hakuna jipya, na ubongo nao umepuuza kilichobaki. Anayekihisi sasa kiti alichokalia amekihisi kwa kuwa kimetajwa.

Kipimo cha kwanza cha kuaminika cha hisi hii kilitoka Leipzig, Ujerumani. Ernst Heinrich Weber alichukua bikari, chombo kile kile cha kuchorea duara, akawagusa watu kwa ncha zake mbili huku wakiwa wamefumba macho, kisha akawauliza wameguswa mahali pamoja au pawili. Matokeo aliyachapisha mwaka 1834. Kwenye ncha ya kidole, nukta mbili zilizoachana kwa takriban milimita mbili zinatambulika kuwa mbili. Mgongoni umbali huo hauna maana. Inabidi nukta ziachane kwa kiasi cha sentimita nne. Jaribio hilo bado linafaa, na pini ya nywele iliyopanuliwa inatosha kulifanya nyumbani. Anayeguswa mgongoni na wenzake wawili kwa vidole vilivyokaribiana ataapa kwamba ni mmoja.

Kutoka kwenye ngozi habari husafiri kama misukumo ya umeme. Mwingereza Edgar Adrian na Msweden Yngve Zotterman walifanikiwa mwaka 1926 kunasa misukumo ya uzi mmoja wa fahamu, wakaona jambo ambalo halikutarajiwa: msukumo haukui mgandamizo unapozidi. Unabaki ukubwa ule ule, ila huja kwa kufuatana zaidi. Nguvu ya mguso, kwa hiyo, hupelekwa kwenye ubongo kwa hesabu ya misukumo katika sekunde.

Nyuzi zenyewe haziendi kwa mwendo mmoja. Zile nene za mguso na mtetemo, zilizovikwa ala ya mafuta, hupeleka habari kwa mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba za maumivu makali na baridi hazifiki mita 30. Zilizo nyembamba kuliko zote, ambazo hazina ala kabisa, hujikokota kwa mita moja hivi kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea kwa haraka. Anayejikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe hujua papo hapo kwamba amejikwaa, huchomwa na maumivu makali mara tu baadaye, na kisha, akiwa ameshakishika kidole na kukunja uso, ndipo maumivu mazito ya kupwitapwita yanapowasili.

Kule kukishika kidole hakukosi sababu. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walipendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna aina ya lango: habari za mguso zinazokuja kwa nyuzi nene huweza kupunguza habari za maumivu zinazoruhusiwa kupanda juu. Maelezo yao yamerekebishwa sana tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki. Bibi anayesugua goti la mjukuu aliyeanguka anafanya kazi halisi kwenye uti wa mgongo wa mtoto huyo.

Swali gumu zaidi lilibaki bila jibu hadi karne hii. Ngozi inapobonyezwa, mbonyeo unageukaje kuwa umeme? Kuhusu joto jibu lilipatikana mapema kidogo: mwaka 1997 David Julius wa San Francisco, akitumia kiini kikali cha pilipili, aligundua protini iliyo kwenye ncha za neva, yaani mishipa ya fahamu, ambayo hufunguka kwa pilipili na pia kwa joto la kuanzia nyuzi 43 za Selsiasi hivi. Pilipili huwasha kama moto kwa sababu hugonga mlango ule ule unaogongwa na moto. Mguso wenyewe ulikuwa bado fumbo.

Aliyelifumbua ni Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut katika familia ya Kiarmenia, aliyehamia Marekani akiwa kijana. Akiwa na mwenzake Bertrand Coste alipata aina ya seli ambayo ikibonyezwa kwa ncha ya kioo nyembamba mno hutoa umeme kidogo. Wakateua jeni 72 zilizoshukiwa kuhusika, wakawa wanazima moja, wanabonyeza, wanapima, kisha wanaendelea na nyingine. Umeme uliendelea kutokea jeni baada ya jeni, hadi walipofika ile ya mwisho kabisa katika orodha. Walipoizima hiyo, seli ilibonyezwa ikakaa kimya. Protini inayotengenezwa na jeni hiyo waliiita Piezo1, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgandamizo, na muda si mrefu wakampata ndugu yake, Piezo2. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2010, na mwaka 2021 Patapoutian na Julius walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Piezo2 ndiyo hasa inayohusika na mguso wa ngozi. Imekaa kwenye utando wa seli ikiwa na mapanga matatu yaliyopinda. Utando ukivutwa, mapanga hunyooka, tundu la katikati hufunguka, chembe zenye chaji huingia, na msukumo wa umeme huanza. Umuhimu wake ulionekana wazi mwaka 2016, madaktari wa Marekani walipoeleza habari za wagonjwa wawili waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi. Wagonjwa hao walihisi joto, baridi na mchomo wa pini. Hawakuhisi mtetemo kwenye ngozi, na kubwa zaidi, hawakujua viungo vyao viko wapi. Wakiwa wanaona waliweza kutembea. Wakifungwa kitambaa machoni walipepesuka na kuanguka.

Hali inayofanana na hiyo ilimpata mwaka 1971 kijana mmoja Mwingereza wa miaka 19, muuza nyama, ambaye baada ya ugonjwa wa homa alipoteza mguso wote na hisi ya mkao wa viungo kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake ilikuwa na nguvu kamili, ila haikumtii. Alijifunza upya kukaa, kusimama na kutembea kwa kuutazama kila mkono na kila mguu alipotaka kuusogeza, na taa ilipozimika ghafla alianguka chini. Watu hudhani kwamba kutembea ni kazi ya misuli na macho. Mikasa ya namna hii inaonyesha kazi kubwa inayofanywa na hisi ambayo wengi hawajui kama wanayo.

Mwisho wa safari ni ubongo. Katika miaka ya 1930, daktari wa upasuaji Wilder Penfield wa Montreal alipokuwa akiwatibu wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, aligusa sehemu mbalimbali za ubongo kwa umeme hafifu na kuwauliza wanahisi nini. Hapa mgonjwa alisema anaguswa mdomo, pale kidole, kule mguu. Kwa namna hiyo ilipatikana ramani ya mwili ndani ya ubongo, ambamo midomo na mikono imechukua eneo kubwa na mgongo mzima umepewa kipande kidogo. Mchoro wa kijitu chenye mikono mikubwa uliotokana na kazi hiyo umependwa kupita kiasi, na huwafanya watu waifikirie ramani kuwa imechongwa katika jiwe. Sivyo. Hubadilika kwa matumizi: kwa wasioona wanaosoma kwa kidole, eneo la kidole hicho hupanuka.

Hata hivyo, kipokezi, neva na ramani havitoshi kueleza kugusa, kwa sababu mkono haukai ukisubiri kuguswa. Mwanasaikolojia wa Ujerumani David Katz alisisitiza mwaka 1925 kwamba kidole kilichotulia juu ya kitambaa hakijui mengi. Kikisogea, hutofautisha hariri na pamba mara moja. Mama anayechagua parachichi sokoni hubonyeza kidogo kwa dole gumba. Anayetaka kujua uzito huliinua na kulipimia kiganjani, anayetaka kujua umbo hulizungusha, na anayetaka kujua kama kitu kimepoa hukiwekea mkono bila kuusogeza. Watafiti Susan Lederman na Roberta Klatzky walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kila sifa ina mwendo wake wa mkono, na kwamba watu waliofungwa macho huvitambua karibu vyombo vyote vya kawaida vya nyumbani kwa kuvishika sekunde chache tu. Ukali wa kidole kinachosogea unashangaza: mwaka 2013 watafiti wa Stockholm waliona kwamba kinaweza kutofautisha uso laini kabisa na wenye mikunjo ya kimo cha nanomita 13, udogo ambao hata hadubini ya kawaida ya shuleni haiufikii.

Kushika ni kazi nyingine ambayo haionekani. Aliyeshika bilauri ya maji huibana kwa nguvu inayozidi kidogo tu ile inayohitajika isiteleze. Ikianza kuteleza, vijifuko vya Meissner na wenzake hupiga taarifa, na vidole hukaza kabla mwenyewe hajafahamu, baada ya takriban sehemu saba za mia moja za sekunde. Roland Johansson na Göran Westling wa Umeå, Sweden, walilipima jambo hili mwaka 1984. Mtu aliyetiwa ganzi vidoleni ana misuli ile ile na macho yale yale, lakini vitu humponyoka, au huvibana kwa nguvu nyingi mno. Kuwasha njiti ya kiberiti, kazi ya sekunde chache, hugeuka kuwa mahangaiko.

Waliotumia uwezo wa kidole kikamilifu ni wasomaji wa nukta nundu. Louis Braille, aliyepofuka utotoni katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, alikuwa na miaka 15 alipobuni maandishi hayo mwaka 1824. Alianzia kwenye mfumo wa Charles Barbier uliotumia nukta 12, wingi ambao kidole hakiwezi kuupokea kwa mara moja. Braille alizipunguza zikawa sita, mistari miwili ya nukta tatu tatu, kiasi cha kuenea chini ya ncha moja ya kidole. Umbali kati ya nukta na nukta, milimita mbili na nusu hivi, uko juu kidogo tu ya ule ambao bikari ya Weber ilipata miaka kumi baadaye. Kijana yule aliupata kwa kidole chake mwenyewe. Nukta hizo ndizo zinazosomwa leo Buigiri mkoani Dodoma, na Thika nchini Kenya. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliona kwamba kwa waliopofuka wakiwa wadogo, usomaji huo huamsha hata sehemu ya nyuma ya ubongo ambayo kwa wengine ni ya kuona.

Kuna mguso mwingine usiotafuta habari yoyote. Kwenye ngozi yenye vinyweleo, si viganjani, kuna nyuzi nyembamba za mwendo wa polepole ambazo kwa binadamu zilitambuliwa na watafiti wa Sweden kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Hizo hupendelea mpapaso wa sentimita moja hadi kumi kwa sekunde, mwendo ambao mama humpapasia mtoto bila kufundishwa, na husisimka zaidi kinachopapasa kikiwa na joto la ngozi. Mwanamke mmoja wa Kanada aliyepoteza nyuzi zake nene hakuweza kusema vizuri brashi laini inapita wapi mkononi mwake, lakini alisema anahisi kitu hafifu na cha kupendeza.

Ngozi kwa ngozi ina kazi hospitalini pia. Huduma ya kangaruu, ya kumlaza mtoto njiti kifuani pa mama, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria. Uchunguzi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja mtoto aimarike, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa robo. Si sahihi kuuhesabia mguso peke yake sifa hiyo. Joto la mama, maziwa yake, na kupungua kwa maambukizi vyote vimo.

Thamani ya hisi hii hupimika vizuri zaidi pale inapokufa. Ganzi ya mguu uliokaliwa vibaya ni ya muda tu: mshipa wa fahamu umebanwa, na ukiachiwa huzinduka kwa mchonyoto. Ganzi ya ukoma haiondoki hivyo. Bakteria wake, aliyetambuliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, huvamia seli zinazozivika neva, hasa katika sehemu za mwili zenye ubaridi kama mikono, miguu, pua na masikio. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni baka lililofifia rangi, lisilouma wala kuwasha, ambalo likiguswa kwa pamba mgonjwa aliyefumba macho hajui. Kwa kuwa halina usumbufu, wengi hawaendi hospitali.

Kwa karne nyingi iliaminika kwamba ukoma wenyewe hula vidole. Daktari Paul Brand, aliyefika Vellore nchini India mwaka 1946, aliwafuatilia wagonjwa wake akaona vingine. Walishika sufuria la moto bila kulegeza mkono. Walitembea na msumari ndani ya kiatu kutwa nzima. Wengine waliamka asubuhi wakiwa na majeraha mapya vidoleni, na uchunguzi wa usiku ulionyesha kwamba panya walikuwa wakiwatafuna usingizini. Waswahili husema panya huuma huku akipuliza. Kwa mwenye ganzi hana haja ya kupuliza. Vidole vilipotea kwa majeraha na vidonda visivyotunzwa, kwa kukosekana maumivu ya kuonya. Dawa za mseto zilizoanza kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 huwaua bakteria kwa matibabu ya miezi sita hadi 12, na hutolewa bure, lakini mshipa wa fahamu uliokwisha kuharibika mara nyingi haurudi.

Siku hizi kisukari kinaleta ganzi ya namna hiyo kwa watu wengi zaidi. Sukari nyingi ya muda mrefu katika damu huharibu kwanza neva ndefu kuliko zote, zile zinazofika nyayoni, kisha ganzi hupanda mguuni mithili ya soksi. Kipimo chake ni rahisi, na asili yake ni nywele za farasi ambazo Max von Frey alizitumia mwishoni mwa karne ya 19 kubonyezea ngozi kwa nguvu inayojulikana. Sasa hutumika uzi wa nailoni unaopinda ukifikia nguvu ya gramu kumi. Mhudumu huugusisha kwenye wayo hadi upinde, naye mgonjwa, akiwa amefumba macho, husema ameguswa wapi. Asiyeuhisi amepoteza kinga, na inabidi macho na mikono vifanye kazi ya nyayo: kukagua miguu kila jioni, kwa kioo ikihitajika, kupapasa ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, kuacha kutembea peku, na kutopima joto la maji kwa mguu. Aliyeuhisi hupimwa tena baada ya mwaka; asiyeuhisi huitwa mapema zaidi.